Kombe la Kilmorran na Majivu ya Chetezo

Ukimuuliza Thuwaiba ni nani aliyemsimamisha tena baada ya mumewe kufariki, atamtaja Mungu kwanza, halafu atamtaja Kalasinga mmoja mwenye ndevu nyeupe, mzaliwa wa Kisumu, jina lake Jaspal. Na hatamtaja kwa kifupi. Thuwaiba hana kitu anachokisema kwa kifupi. Ukikutana naye dukani nawe una haraka zako, haraka hiyo isahau.

Alitoka Unguja akiwa bibi harusi, hina haijafutika viganjani, akaja kukaa na Azizi wake kwenye ghorofa la manispaa pale Newtown, Birmingham. Azizi alikuwa dereva wa basi, mtu wa mzaha na mpira, shabiki wa Malindi, timu ya kwao Unguja, mpaka kaburini. Alipofariki, Thuwaiba alijifungia. Binti yake Asmahan alimsemesha kwa Kiingereza, yeye akamjibu kwa Kiswahili, na siku zikapita hivyo, mtu na mwanawe wakizungushana maneno nyumba nzima bila ya mmoja kumtoa mwenziwe majonzini. Kitu pekee kilichomtoa nje kilikuwa hina. Maharusi wa Balsall Heath walikuwa wakimwita, naye huenda, kwa sababu bibi harusi haambiwi hapana.

Sasa, mmoja wa maharusi hao alikuwa Simran, mpwa wa Mzee Jaspal. Jaspal alikuja kumchukua, akaiona mikono ya mtoto wa dada yake, akaishika akaigeuza huku na huku kama mtu anayekagua embe. "Hii nani amechora?" akauliza kwa Kiingereza. Akaonyeshwa mwanamke mwenye mtandio mweusi, amekaa pembeni anafuta vidole. Jaspal akamsogelea, na alipomsikia akimwambia jirani yake neno la Kiswahili, uso ukamfunguka. "Mama, wewe una mkono," akamwambia kwa Kiswahili chake cha Kisumu. "Kesho kuja kwangu, mtaa wa masonara. Nitakuonyesha kazi ya mkono kama huo."

Thuwaiba alidhani anataniwa. Akaenda hivyo hivyo, kwa miguu, maana kutoka Newtown si mbali. Akakuta karakana ndogo imejaa vikombe: vya mpira, vya kriketi, vya kuogelea, vya mbwa wazuri. Kazi ya Jaspal ilikuwa kuchora majina ya washindi. Alikuwa na mashine, lakini vitu vya zamani, fedha nyembamba iliyochoka, hivyo huvichora kwa mkono, kwa kalamu ya chuma iliyokuwa ya marehemu baba yake.

Kuanzia siku hiyo Thuwaiba akawa mng'arishaji. Huja asubuhi akamwamkia mzee shikamoo, mzee akamjibu marahaba kwa furaha ya mtu aliyekuwa hajaamkiwa hivyo tangu Kisumu, kisha hujifunga kanga kiunoni akashika kitambaa. Wakati wa chakula Jaspal humpa vipande vya shaba vilivyotupwa ajifunze kuchora herufi. Na sheria ya karakana ilikuwa moja tu, akiirudia kila kazi mpya ikiingia: "Ng'arisha kila mahali, mama. Lakini herufi usiguse. Herufi ni zangu."

Jumanne moja akaingia mwanamme mwembamba mwenye koti la mvua, amekumbatia sanduku kama amebeba mtoto mchanga. Jina lake Damien, katibu wa klabu ya Kilmorran, timu ya mpira ya kulipwa kutoka mji mdogo huko Scotland. Na usidhani ni zile timu unazozijua wewe. Kilmorran ni ya madaraja ya chini, na Damien alizieleza rekodi zake amesimama wima kama anaimba wimbo wa taifa. Ubingwa wa daraja la pili, mara moja. Ushindi mkubwa kuliko yote, mabao kumi na moja kwa bila. Kipigo kikubwa kuliko vyote, kumi na mbili kwa bila, na waliowafunga ni majirani zao.

"Hata hicho mnakihesabu?" Jaspal akauliza.

"Rekodi ni rekodi," Damien akajibu, wala hakucheka.

Thuwaiba alilipenda jibu hilo. Azizi naye alikuwa hivyo. Mabao waliyofungwa Malindi alikuwa akiyajua kwa majina.

Halafu Damien akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na heshima kubwa kuliko zote za Kilmorran: Kombe la Kaunti, mwaka 1957. Mashindano yenyewe yalikufa msimu uliofuata, kwa hivyo kombe likabaki kwao moja kwa moja. Lilikuwa la fedha, kimo cha birika la kahawa, lina masikio mawili na tumbo la mviringo, na kuzunguka tumbo yamechorwa majina ya wachezaji kumi na moja waliolitwaa. Limefifia, limepiga weusi.

Kati ya wale kumi na moja amebaki mmoja, Damien akaeleza. Mzee Rankine, anakaribia miaka tisini. Aliacha mpira akaja Birmingham kufanya kazi kiwanda cha magari, akaoa hapa, akazeekea hapa, yuko Erdington. Scotland hawezi tena kwenda, na macho yamekwisha. Klabu imekaa ikaamua: kwa vile yeye hawezi kulifuata kombe, kombe limfuate yeye. "Jumamosi nitakuja kulichukua nimpelekee," alisema Damien. "Haoni, lakini vidole vyake vinaona. Anataka kulipapasa jina lake kabla hajaondoka duniani. Ndilo analoliomba."

Jumatano Jaspal alikuwa na miadi ya daktari kwa ajili ya mikono yake, ambayo tangu baridi iliyopita ilikuwa imeanza kutetemeka. Thuwaiba akabaki peke yake na kombe.

Alilifuta kwa kitambaa na dawa ya karakana. Likatoa mng'aro wa kinyonge. Akalifuta tena. Weusi umeng'ang'ania. Akamfikiria yule babu wa Erdington, akafikiria na heshima ya Jaspal, na hapo ndipo mama yake mzazi alipomwingia kichwani. Mama yake, siku ya kuamkia Idi, huviteremsha vyombo vyote vya kabati: mirashi, sinia, birika, vijaluba. Huvikandika ukwaju, akachukua majivu yaliyochekechwa, akavisugua mpaka ukijitazama unaona hata kope zako. Nyumba yenye vyombo vyeusi siku ya Idi, mama alikuwa akisema, bora isifungue mlango.

Basi wakati wa chakula Thuwaiba akaenda kwake mbio, akachukua ukwaju wa jikoni na majivu ya chetezo, yale yaliyobaki baada ya kufukiza udi. Akarudi, akakunja mikono, akalisugua kombe la watu kwa mapenzi yote aliyonayo. Na kwa mapenzi hayo sheria ya mzee ikamtoka kichwani, akasugua tumbo lote, huku akijiimbia pole pole.

Alipolisuuza na kulipangusa, kombe lilikuwa likimeremeta kama limetoka kwa fundi leo. Akaligeuza dirishani. Akaligeuza tena. Tumbo lilikuwa safi. Safi kabisa. Lile eneo lenye majina lilikuwa limelainika kama kiganja cha mtoto.

Akapitisha kidole pale lilipokuwa jina la Rankine. Hakuna kitu. Jamani, fedha ile ilikuwa imelika kwa miaka mingi ya kushikwa na kufutwa, herufi zilikuwa zimebakia unyuzi tu, na yeye kwa majivu yake akaumaliza unyuzi wenyewe. Akakaa chini kwenye kigoda. Alijua hasa alichokifanya: kuna mzee haoni, ana ombi moja, na Jumamosi kidole chake kitapita hapa kisikute jina.

Jaspal aliporudi alimkuta hapo hapo, kombe mapajani. Thuwaiba hakumngojesha hata akavua koti. "Mzee Jaspal, nimeyafuta majina," akasema. "Nimesugua kwa majivu. Nimeyafuta yote."

Jaspal akalichukua kombe. Akalipeleka dirishani, akaligeuza huku na huku.

"Nani alikufundisha kusugua hivi?" akauliza mwishowe.

"Mama."

"Huyo mama alikuwa fundi," alisema Jaspal, akaketi. "Tangu nifungue duka hili sijaona fedha kung'aa hivi. Mimi nimekukasirikia, ujue. Kesho pia nitakukasirikia. Lakini leo tuna kazi."

Kwanza akampigia simu Damien, akamwambia ukweli wote, maana si mtu wa kuficha. Damien akawaka. Ana haki, mwacheni awake. Alisema majina hayo yamekaa pale tangu kabla yeye hajazaliwa, alisema angelifuta mwenyewe kwa leso yake kama angejua. Alipochoka akasema kwa sauti ndogo: "Jumamosi nitakuja. Kama jina halipo, nitamwambia mzee safari haikuwezekana. Siwezi kumpa kitu kitupu ashike."

"Tutumie mashine," alisema Thuwaiba simu ilipokatwa. "Majina si klabu wanayo?"

"Majina wanayo. Lakini gusa hapa." Jaspal akabonyeza tumbo la kombe, na fedha ikabonyea kidogo kama ngozi ya chapati. "Mashine itatoboa. Hii ni ya mkono tu." Kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele, na wote wawili wakaitazama ikitetemeka. "Na mkono wenyewe si huu."

Thuwaiba akaelewa. Akarudi nyuma hatua. "Mimi? Mimi nichore tena, na mimi ndiye niliyeharibu? Mzee, mimi nachora hina. Hina ukikosea unafuta."

"Kwa hivyo usikosee," alisema Jaspal, akamwekea mkononi kalamu ya baba yake.

Sikiliza namna walivyofanya. Jaspal aliliinamia kombe akalipulizia pumzi ya joto, haaa, kama mtu anayetaka kufuta miwani. Ukungu ukatanda juu ya fedha, na ndani ya ukungu zikatokea herufi, nyembamba, hafifu, zimelala pale pale zilipokuwa, maana pigo la kalamu huzama ndani ya fedha hata uso ukilika. Kisha ukungu ukayeyuka na herufi zikaenda nao. Macho huona kwa punde tu, lakini punde hiyo kwa mchoraji wa hina ni nyingi. Yeye amezoea kuliona ua kabla halijawepo. Jaspal akapuliza, Thuwaiba akaona, akasema bismillahi, akachora mstari mmoja. Akapuliza tena, mstari mwingine.

Alhamisi nzima wakawa hivyo, mmoja anapuliza, mmoja anachora. Mara mbili Jaspal alipatwa na kizunguzungu kwa kupuliza, Thuwaiba akamkalisha akampa chai ya maziwa. "Ukinifia hapa," akamwambia, "Simran atasema nimekuroga."

"Chora, mama. Acha maneno."

"Maneno ndiyo yanayoushika mkono wangu usitetemeke. Nikinyamaza naogopa."

Ijumaa adhuhuri yakabaki jina moja, la Rankine. Alichora R, A, N. Ilipofika K akapuliziwa, akatazama, akashangaa. Mguu wa chini wa K haukuishia mstarini na wenzake. Ulikuwa umeteleza, umekwenda zake chini kuelekea ukingoni kama umekanyaga ganda la ndizi.

Jaspal akaweka lenzi jichoni. "Fundi wa zamani aliteleza hapa," alisema. "Kalamu ilimponyoka. Hutokea. Umalizie mstarini tu, hapana mtu atajua."

Thuwaiba alikaa na kalamu hewani. Kuunyoosha mguu ule kulikuwa rahisi, na kombe lingependeza. Lakini alikuwa ameshalipendezesha kombe hili mara moja, na kwa kulipendezesha huko ndiko alikofika hapa. "Hapana," akasema. "Mimi nimekabidhiwa kulirudisha, sikukabidhiwa kulirekebisha." Akaushusha mguu wa K wote, mpaka kule ulikokimbilia.

Jumamosi asubuhi mlango ukafunguliwa, na Damien hakuwa peke yake. Amemshika mkono mzee mrefu aliyepinda mgongo, amevaa tai na viatu vilivyopigwa rangi. Mzee Rankine alikataa kungoja nyumbani. Alisema kombe limetoka Scotland kumfuata, naye atatoka walau Erdington. Kiingereza chake kilikuwa cha kwao, kizito, Thuwaiba alikifuata kwa kuangalia midomo.

Wakampa kiti. Jaspal akaliweka kombe mbele yake juu ya kitambaa. Thuwaiba alisimama nyuma ya meza, mikono ndani ya mtandio. Mzee akalishika masikio yote mawili kwanza, akatabasamu. Kisha akashusha kidole cha shahada kwenye tumbo, kikaanza kutembea.

Kikapita R. Kikapita A na N. Kikafika K, kikasimama, kisha kikateremka na ule mguu, pole pole, chini, chini, mpaka mwisho wake.

Mzee akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyoona.

"Upo!" akasema. "Mguu wangu upo!"

Akawaeleza. Siku ya fainali mvua ilinyesha, uwanja umekuwa tope. Dakika za mwisho mpira ulimjia, akaenda kuupiga, akateleza akaanguka chali, na mguu ulioteleza ndio uliougusa mpira ukaingia wavuni. Bao pekee. Kombe lilipokuja kuchorwa majina, kalamu ya fundi ikateleza kwenye jina lake, kati ya yote. Wenzake hawakumwacha apumue. Kila wakikutana, miaka na miaka, walikuwa wakisema Rankine hata jina lake haliwezi kusimama kwa miguu yake.

"Mara ya mwisho nililipapasa sikuusikia," alisema. "Nikajua unakwisha. Nikasema basi, tutaondoka pamoja." Akainua uso. "Nani amenirudishia?"

Jaspal akamsukuma Thuwaiba mbele kwa kiwiko.

"Mzee," Thuwaiba akasema kwa Kiingereza alichojaliwa, "mimi ndiye niliyelifuta. Usinishukuru."

"Damien kaniambia njiani. Kaniambia kwa hasira." Mzee akalipapasa kombe. "Mama, sote tulilifuta hili. Kila sherehe tulilibeba, tukalibusu, tukalipangusa kwa shati, na kila mara likapungua. Hapana aliyewahi kurudisha kitu ila wewe. Ahsante."

Hapo Thuwaiba akashindwa. Alilia waziwazi, kilio cha shukrani, na nadhani mlikuwa na Azizi pia ndani ya kilio hicho, na miezi yote ile ya kujifungia. Damien akatazama dirishani. Jaspal akapenga kamasi.

Kidole cha mzee kikaendelea na safari. "Baird," akasema. "Kipa wetu. Hakuogopa mshambuliaji yeyote, akaogopa mbwa."

"Mungu amlaze pema," Thuwaiba akasema kwa Kiswahili. Lilimtoka lenyewe, kwao marehemu akitajwa, mtu hakai kimya.

"Umesema nini?"

Akamfasiria. Mzee akatafakari, akaitikia kwa kichwa, akasogeza kidole. "Moffat. Aliazima koti langu, hakulirudisha mpaka leo." Na safari hii akangoja.

"Mungu amlaze pema," akasema Thuwaiba.

"Lennie. Aliimba kwenye harusi yangu, vibaya."

"Mungu amlaze pema."

Wakaenda hivyo, jina kwa jina. Mzee anataja, anangoja, Thuwaiba anaitikia, na kufika la nne Jaspal naye alikuwa akiitikia, kisha hata Damien, asiyejua neno la Kiswahili, akawa anatikisa midomo. Kidole kikalizunguka tumbo la kombe lote, kikarudi kilipoanzia, kikatulia juu ya mguu wa K.

Mzee akangoja. Thuwaiba hakusema kitu.

"Na huyu?" akauliza Rankine.

"Huyu bado," Thuwaiba akamjibu. "Huyu namwombea umri. Mungu akuweke, babu."

Mzee Rankine akaitikia kwa kichwa, na kidole chake akakiacha pale pale.